Zamu ya Kungojwa

Bi Masika alilikalia begi lake kwa uzito wote hadi zipu ikafungika. Ndani mlikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, zawadi ya kumpelekea dada yake Shamsa, aliyeolewa ng'ambo na kuapa kwamba wali wa nazi wataupika pamoja siku mdogo wake atakapofika.

“Mama, kwa umri huu na magoti hayo, utapandaje ndege?” aliuliza mwanawe Hemedi, akiwa ameuziba mlango.

“Kwani ndege huendeshwa kwa magoti? Nilikungoja ukue. Nikamngoja baba yako apone, nikamzika. Sasa nangojwa mimi. Nipishe, mwanangu.”

Hemedi hakusogea. Bi Masika akajifunga kanga kiunoni, akashika mpini wa begi, akaanza kulivuta moja kwa moja kuelekea miguuni mwa mwanawe.