Kidevu cha Kiwandani

Siku hizo mfupa uliovunjika haukufungwa plasta tena. Uliwekewa kiunzi cha plastiki na kauri, mfupa mpya ukaota juu yake, na kiunzi chenyewe kikayeyuka taratibu mwilini. Salha aliwekewa cha taya baada ya ajali, akatoka na kidevu chenye kishimo katikati, sawasawa na cha kila aliyewahi kuvunjika taya pale mtaani. Kiwanda kilikuwa na umbo moja tu.

Sasa Salha alikuwa amejifungua, na mama yake, Bi Nunu, alikuwa akimkanda mjukuu kwa mafuta ya nazi kama alivyowakanda wanawe wote, anaivuta pua ichongoke, anakiviringa kichwa. Alipofika kidevuni, kidole gumba kikatumbukia kwenye kishimo.

Akasita. Katika ukoo wake hapakuwa na kidevu hicho, wala upande wa baba mtoto.

"Salha, kile kiunzi chako kilikwisha kweli?"

"Mama nawe! Kiliyeyuka zamani. Daktari alinionyesha picha, hakuna hata chembe."

"Kikaenda wapi?"

Salha akacheka. "Si kilitoka tu, kama uchafu mwingine."

"Wewe ulikiona kikitoka?"

Bi Nunu akakibonyeza kile kidevu, akakisukuma huku na huku mpaka kikawa duara kama cha babu yake mtoto. Kisha akaondoa mkono.

Kidevu kikajirudi polepole, chenyewe, mpaka kishimo kikakaa pale pale katikati. Mtoto hata hakulia.