Herufi Kubwa

Walikubaliana kwamba majina ya mwanzo wa filamu yao yaandikwe kwa chaki mlangoni, kisha mlango ufunguke na hadithi ianze. Lakini Mgeni alipofika darasani, alimkuta mwenzake Shomari ameshayaandika yote peke yake.

“Imeongozwa na Shomari Bakari. Imetungwa na mgeni.”

Mgeni akasoma mara ya pili, kama mtu anayeonja mchuzi asiouamini.

“Watu watadhani hadithi yangu imetungwa na mpita njia,” alisema. “Herufi kubwa iko wapi? Na jina la baba yangu?”

“Mkono umeteleza tu, dada. Halafu mlango wenyewe mwembamba.” Shomari alicheka, macho yake kwenye kamera. “Wanaokujua si watakujua?”

Maneno yalikuwa matamu mno. Mgeni akausogelea mlango. Nyuma ya ile m ndogo kulikuwa na kivuli cha M kubwa, na mbele yake jina la baba yake, vyote vimefutwa lakini havijatoka vizuri.

Akageuka. Mkono wa shati jeusi la Shomari ulikuwa mweupe kwa vumbi la chaki mpaka kwenye kiwiko.

Mgeni aliokota chaki, akamnyooshea.