Kiota cha Nyuzi za Gunia

Mwaka matete yote ya bwawani yalipokatwa, ndege aitwaye Mnana alianza kufuma kiota kwa nyuzi za magunia. Kwa desturi yao, dume hufuma na jike hukagua tu: huvuta kila fundo, na moja likilegea, kiota kizima hubomolewa.

Mkewe alikuwa amebakiza siku mbili atage. Alivuta fundo la kwanza, likateleza.

"Bomoa," akasema.

Mnana akabomoa, akafuma tena. Viota vitatu vikaanguka hivyo, na siku moja ikapita.

"Mume wangu, majani hujikaza yakikauka," jike akasema. "Uzi huu haukauki. Mmoja avute, mwingine afunge. Nipe ncha."

Kunguru, aliyekuwa akiwatazama tangu asubuhi, alicheka hadi akakohoa. "Shemeji! Tangu lini mkaguzi akafuma?"

"Tangu leo," jike akajibu, akauma uzi.

Walifunga kila fundo mara mbili. Kisha jike akaning'inia kwa uzito wake wote. Kiota kiliyumba, lakini hakuna fundo lililosogea. Akaingia, akataga.

Msimu uliofuata, katika bwawa zima, hakuna jike aliyengoja kuitwa kukagua; kila mmoja alishika ncha tangu fundo la kwanza.