MB Mia Nne za Mkoromo

"Faili ni kubwa mno," simu ilimwambia kwa mara ya sita tangu asubuhi, na mshonaji akaitupa juu ya rundo la sare za shule zilizongoja pasi.

Ushahidi alikuwa nao. Saa saba nzima za mumewe akikoroma, zilizorekodiwa kwa simu iliyofichwa nyuma ya saa ya mezani. Kazi ilikuwa kuutuma. Hakimu wa kesi, shangazi yake mume, aliishi mbali, na simu yake ilikuwa ile ambayo picha moja ya harusi huijaza ikagoma.

Kesi yenyewe ilikuwa na umri wa miezi mitano. Mume, mpaka rangi wa majumba, mtu mpole asiyejua kugombana hata na nzi, aliikana kila siku.

"Si mimi, mke wangu," alisema tena asubuhi hiyo, macho mekundu, akikoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.

"Kumbe ni nani? Kabati?"

Koo lilikuwa limemkauka mshonaji, na bado siku ilikuwa haijaanza.

Walikuwa wamekubaliana jambo moja tu: shangazi asikilize, aamue, na atakayeshindwa ahamie stoo, akalale na makopo ya rangi. Mshonaji hakupenda mambo yafike huko. Alimpenda mumewe. Lakini alikuwa akisinzia kwenye cherehani, juzi ameshona mfuko wa shati mgongoni, na mapenzi bila usingizi nayo huchoka.

Kwanza aliikata rekodi vipande kumi na vinne. Shangazi alipokea kimoja, simu yake ikakwama, akapiga kulalamika: "Mwanangu, mimi nasikia feni tu." Kisha jirani, mjuaji wa kila kitu, akaibana kwa programu anayobania nyaraka za ofisini. Faili iliingia na MB mia nne na tatu, ikatoka na mia nne na moja. Jirani alisema hiyo nayo ni hatua. Mshonaji nusura amrushie mkasi.

Mchana aliacha sare zilivyo, akaenda kwa fundi wa studio, anayerekodi matangazo ya maduka katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani.

"Tatizo ni kimya, dada," fundi alimweleza. "Kimya nacho kinakula nafasi. Nitakiondoa chote, nibakize penye sauti tu. Halafu nishushe ubora, maana huyu haimbi."

Kompyuta ilifika asilimia tisini, umeme ukakatika. Uliporudi wakaanza upya, mshonaji ameuma meno, akihesabu vishimo vya trei za mayai asije akamkosea adabu mtu asiye na hatia.

Kazi ilipokwisha, fundi alivaa vipokea sauti ajaribu. Akakunja uso. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Dada, umeisikiliza yote?"

"Niisikilize ya nini, nami naishi nayo? Nilisikia mkoromo, nikaridhika."

Fundi alivua vipokea sauti, akahifadhi faili. Kazi yake ilikuwa kupunguza mafaili, nyumba za watu hazimhusu.

Saa saba zilikuwa zimebaki dakika hamsini na moja, MB kumi na mbili. "Hamsini na moja tu?" mshonaji alinung'unika, kwani yeye alikuwa tayari kuapa ni usiku kucha. Lakini safari hii faili ilikwenda mara moja, na alipoona imefika alimshika fundi mikono yote miwili kwa shukrani.

Nyumbani hakungoja hukumu. Alisogeza makopo ya rangi, akafagia stoo, akaburuta godoro la wageni na kulitandika shuka safi. Roho mbaya hakuwa nayo. Aliweka na ule mto laini, wa upande wake mwenyewe. Alijiona mshindi, tena mshindi mwenye huruma, na hali hiyo ilimpendeza mno.

Alikuwa anakunja blanketi ujumbe wa sauti wa shangazi ulipoingia.

"Mwanangu, nimesikiliza mpaka mwisho. Mtu anakoroma hapo, hilo halina ubishi, mwanzo nilidhani ni mashine ya kusaga. Ila kila mkoromo ukitulia, namsikia mumeo ananong'ona: 'Lala ubavu kidogo, mke wangu, nami nipate usingizi.'"