Kanga Mwamsha Ngamia

Ngamia alizungusha kinu cha mafuta ya ufuta akiwa amefungwa kidoto machoni, asishikwe na kizunguzungu. Juu ya kinu alikaa Kanga, na kazi yake ilikuwa moja tu: Ngamia akianguka, amdonoe mpaka ainuke. Asubuhi hiyo alishamdonoa mara tatu.

"Bila mimi kinu kingelala!" alijigamba.

Ngamia akahema. "Mwenzangu, mimi sioni. Wewe mwenye macho, umetazama ninaangukia wapi?"

Kanga akatazama. Mara zote tatu, ni penye jiwe lilelile. Akashuka, akalisukuma pembeni kwa kifua, kisha akaaga kwa unyonge.

"Hutaanguka tena. Kazi yangu imekwisha."

"Panda juu," Ngamia akasema, huku akianza kuzunguka. "Nitaanguka tu siku nyingine. Ila siku hiyo ukishanidonoa, tazama na chini."