Mkaja wa Mize

Mize alimfunga mumewe mkaja, kile kitambaa cha kiunoni alichofungwa yeye alipojifungua Salha, akaukaza mpaka Makame akaguna.

"Nguzo moja ya umeme unakimbia, mbili unatembea. Na usiiname, Baba Salha."

"Nikidondosha kitu?"

"Kiache."

Makame alianza kukimbia barabara ya nyuma ya soko, ameutegea mgongo sikio kama mtu aliyesikia mwizi uvunguni. Miezi mitano ulikuwa ukimtoa machozi hata akikohoa. Leo, nguzo ya kwanza, kimya. Ya nne, kimya. Kimya hicho hakukipenda hata kidogo. Mgongo gani husamehe upesi hivi? Wakimbiaji wenzake wa zamani walimpita wakipiga kelele, "Umepona, bwana!" Nao akawashuku. Wamejuaje, na mwenyewe hajajua?

Katika kushuku huko alisahau kuhesabu. Alipohisi ubaridi kiunoni aligeuka, akauona mkaja umelala barabarani, nguzo tatu nyuma yake. Nguzo tatu nzima alikuwa amekimbia bila kufungwa na chochote.

Alirudi akitembea, akasimama mbele yake. Mwanamke mwenye kapu la ndizi akamwonea huruma.

"Nikuokotee, kaka?"

"Ahsante, dada. Uache tu."

Akautazama mkaja kama nyoka ambaye hajulikani kafa au kalala. Kisha akashika magoti, akaanza kuinama, polepole, huku akiusikiliza mgongo.