Kucha Zimepauka

"Huyo anakuja mbele, mchekini kucha," beki wa timu pinzani aliwaambia wenzake, akicheka. "Mzibeni huyo mnene."

Kocha Sualua akaganda pembeni ya uwanja wa futiboli ya Kimarekani.

Vijana wake wa mstari wa mbele walikuwa wameinama, mkono mmoja kwenye nyasi. Yule mnene alikuwa ameuegemea wake kwa uzito wote, kucha zimepauka. Anayejiandaa kurudi nyuma haegemei hivyo; huegemea hivyo anayekwenda kuvamia mbele.

Kusoma kucha za wapinzani ndiko kulimlisha Sualua kule Marekani kwenye ligi ya kulipwa, mpaka magoti yakafa akarudi Samoa kufundisha shule. Vijana hakuwarekebisha; nani hapa kisiwani angejua kuangalia? Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, mdogo wake, wakimenya magimbi jikoni kwa mama.

Akatazama ng'ambo. Mdogo wake, aliyesema ana homa, alikuwa kasimama na makocha wa wale wengine, kavaa kofia yao.

"Kocha, tunafanyaje?" nahodha akauliza.

Sualua aliinama taratibu, magoti yakilia, akaweka mkono kwenye nyasi, akauegemea mpaka kucha zikapauka, macho kwa mdogo wake.

Ng'ambo kule, mdogo wake akaanza kurudi nyuma.